Kioo Kilichokataa Vidole vya Baba Mkwe

Mimi ni fundi wa simu na redio pale Mkiwa, njia panda, hatua chache kutoka wachuuzi wanapopanga kuku na vitunguu kusubiri mabasi yasimame. Kazi hii nilijifunza chuoni mjini, nikiwa msichana peke yangu kwenye darasa la wavulana, na nimeifanya miaka mingi kiasi kwamba wengi pale kituoni hawalijui hata jina langu. Wananiita Fundi, basi.

Nasema hivi ili ieleweke kwamba sikudanganyika kwa ujinga. Mtu asiyejua vifaa angeweza kusema alivutiwa na rangi. Mimi kifaa hiki nilikiona mpaka ndani. Siku dada mmoja wa kampuni iliyokitengeneza aliposhuka kwenye gari mbele ya kibanda changu, alikuwa na kifaa cha maonyesho kilichokatwa ubavuni ili watu waone utumbo wake. Alikuwa afisa masoko kutoka Dar es Salaam, mpole, amevaa raba nyeupe ambazo vumbi letu lilizimaliza kabla hajafika mezani kwangu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanisalimia vizuri, akakiweka kifaa mbele yangu.

"Fundi, nimeambiwa hapa watu hawanunui kitu bila kukuuliza wewe."

"Wananiuliza," nikamjibu. "Wakishaniuliza wanakwenda kununua wanachotaka."

Akacheka. Mimi nilikuwa nimeshainama, natazama. Kilikuwa na ukubwa wa kiganja, cheusi, na uso wake wote ulikuwa kioo. Ndani yake mlikuwa na redio, taa, betri ya kuchajia simu, na sauti zilizorekodiwa za kumshauri mkulima. Mgongoni kilikuwa na kipande cha sola, na juu kamba ya kukivaa shingoni. Kila kiungo kilikuwa kimelehemiwa kwa utulivu, kama mtu aliyekuwa akitengeneza kitu cha mama yake mzazi. Kilikuwa kimezibwa pande zote, vumbi haliingii wala maji hayaingii. Kampuni ilikipa jina refu la Kiingereza, lakini wiki hiyohiyo watu wa kituoni walishaanza kukiita kioo, na mimi nitakiita hivyo.

"Mbona hakina hata kitufe kimoja?" nikauliza.

"Unagusa tu, Fundi. Kama simu janja."

Hapo ndipo aliponipata. Vitufe ndivyo vinavyokufa mapema kuliko vyote. Katika kila redio kumi zinazoletwa kwangu, nyingi zimeharibika kitufe cha kuwashia au gurudumu la sauti, kwa sababu vumbi la Singida linapenya hata kwenye sanduku lililofungwa. Kitu kisicho na kitufe, niliwaza, hakina cha kuharibika. Niliwaza kama mtu anayetengeneza. Nilikubali kuwa wakala siku hiyohiyo, na jioni nilimweleza mume wangu habari za kioo mpaka chakula kikapoa.

Kibanda kilichopakana na changu ni cha jirani ambaye zamani aliuza mitumba, kisha akahamia redio ndogo za plastiki, zile zenye tochi upande mmoja na tundu la memori upande mwingine. Redio zile nilizidharau sana. Ukiifungua moja unakuta waya mwembamba kama unywele, umeshikizwa kwa tone la risasi ya kulehemu lililomwagwa kwa haraka, na spika kubwa kuliko mwili wenyewe. Inapiga kelele na kukwaruza. Lakini betri yake ni ileile ya kitochi, simu ndogo ya vitufe ambayo kila nyumba inayo, hivyo betri ikiisha unachomoa ya simu unaweka. Jirani mwenyewe hajui kilichomo ndani wala hajali. Anaziwasha zote kwa pamoja asubuhi, kila moja na wimbo wake, mimi naumwa kichwa mpaka mchana.

Nilitaka kioo kimfungie biashara. Nasema ukweli.

Tulianzia Nduguti kwenye mnada, kwa sababu huko ndiko kwetu. Mimi ni Mnyiramba, nimeolewa kwa Wanyaturu, na nilidhani watu wa kwetu watanielewa upesi. Afisa masoko alileta gari lenye spika, mimi nikabeba ndoo ya maji. Nikawasha kioo, redio ikaanza kuongea, nikakitumbukiza kwenye ndoo chote. Redio ikaendelea kuongea chini ya maji. Watu walishangaa! Wazee walikuja mbele, akina mama waliacha mizigo yao, mtu mmoja akaomba nirudie mara tatu. Wote walisema kitu ni kizuri. Kisha wakatawanyika, na nilipotazama niliwaona wamechuchumaa kwenye turubai la mwuza redio za plastiki, wanajaribu moja moja, wanazungusha gurudumu na kusikiliza ule mlio mdogo wa kuwaka.

Mfugaji mmoja alibaki. Alikigeuza kioo, akatazama ubavuni, akatazama chini.

"Memori inaingilia wapi?"

"Hakina memori, baba. Kina ushauri wa kilimo."

"Na nyimbo?"

"Nyimbo si zipo redioni?"

Alinirudishia kwa mikono miwili. "Ni kizuri, mwanangu. Mungu awabariki," akaondoka.

Kwenye gari tukirudi nilikuwa na hasira. Nilisema maneno juu ya watu wa kwetu ambayo leo siwezi kuyaandika. Afisa masoko alinisikiliza, kisha akasema, "Watu bado wanahitaji elimu tu." Nikamwitikia, ndiyo, elimu. Tulikubaliana sisi wawili kwamba tatizo ni wao.

Aliyenunua kioo cha kwanza kwa moyo mmoja alikuwa baba mkwe wangu. Yeye ni mfugaji na mkulima wa alizeti, upande wa Ikungi, mzee wa kanisa, mtu ambaye kijijini kwake akinyoa ndevu watu wanajua kuna jambo. Alikuja Mkiwa asubuhi, akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha wateja kama mteja mwingine yeyote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo? Nimesikia una kitu kipya."

Alikuwa ameuza beberu kwa ajili hiyo. Nilitaka kumpa bure, nikaona hata aibu kupokea. Alikataa kabisa.

"Mtu wa nyumbani akipewa bure," alisema, "wa nje watasema hakikuwa na thamani. Niuzie."

Nikamuuzia. Nikamwonyesha jinsi ya kukiwasha, nikagusa mimi, kikawaka, nikagusa tena, redio ikaongea. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akakivaa shingoni, akashika njia ya kwake. Sikumwambia ajaribu yeye mwenyewe. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi baadaye. Ningemwambia tu, "Baba, hebu gusa," mengi yasingetokea. Lakini kumwambia baba mkwe ajaribu mbele ya watu, halafu akikosea? Sikuweza. Nilimheshimu, nikanyamaza.

Kwa sababu yake, wengine wa kijiji kile walinunua. Mrina asali mmoja, mama mmoja wa kwaya, mwalimu wa shule ya msingi, na wengine wachache. Kampuni ilifurahi. Ikanitumia karatasi za kuwauliza wateja, zenye nyuso tatu zilizochorwa, moja inacheka, moja imetulia, moja imenuna. Kazi yangu ilikuwa kumuuliza mteja, "Unakifurahia kifaa chako?" na kuweka alama kwenye uso. Niliwauliza wote, wengine walipopita kituoni, wengine kwa simu. Wote walisema wanakifurahia. Baba mkwe alisema, "Nakifurahia sana, mama." Nyuso zote kwenye karatasi zangu zilicheka.

Lakini hakuna mtu mpya aliyenunua. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine. Jirani yangu alikuwa anafungua maboksi ya redio za plastiki kila wiki. Kampuni ilituma mabango makubwa zaidi, kisha fulana, kisha kofia. Nilibandika mabango. Nilivaa fulana. Nilikaa nyuma ya meza yangu nikiwa nimezungukwa na vioo vinavyong'aa, nalehemu waya wa redio mbovu za jirani, na kila aliyekuja kuchukua redio yake alivitazama vioo vyangu na kusema ni vizuri.

Mavuno ya alizeti yalipofika, mimi na mume wangu tulikwenda kijijini kusaidia kupiga. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, anashona ungo uliotoboka. Kioo kilikuwa kifuani, kimefutwa vizuri, hakina hata alama ya kidole. Nilijisikia vizuri kukiona. Kutoka jikoni, alikokuwa mama mkwe, nyimbo za Kinyaturu zilikuwa zinalia kwa sauti ya kukwaruza niliyoijua.

"Baba, tuwekee basi taarifa ya habari," nikasema.

Alikishika kioo, akakitazama, akakiachia. "Kimepumzika," akasema.

Mama mkwe akasema kitu kwa Kinyaturu kutoka jikoni, haraka, na mume wangu akacheka kabla hajajizuia. Kinyaturu changu ni cha salamu na chakula tu, na pale nyumbani wakitaka jambo lisinifikie hulipitisha huko.

"Amesemaje?" nikamuuliza mume wangu.

"Achana naye."

"Amesemaje?"

Alitazama chini. "Amesema kimekufa tangu mvua hazijaanza."

Tangu mvua hazijaanza! Mvua zilikuwa zimeanza, zimenyesha, zimekatika, alizeti imepandwa, imekomaa na kuvunwa. Muda wote huo mzee alikuwa amevaa kitu kilichozimika shingoni. Muda huohuo mimi nilikuwa naweka alama kwenye uso unaocheka.

"Hakijafa," alisema baba mkwe taratibu, bila kuacha kushona. "Kilinikataa."

Nilikuwa na waya wa kukichajia kwenye mkoba. Nikakiunganisha na betri yangu ya kuchajia simu, tukasubiri. Kilipowaka nikampa. Akakigusa kwa kidole gumba, hakikusikia. Akagusa kwa cha shahada, hakikusikia. Akalowesha kidole kwa mate, akagusa, na hapo kikaruka, taa ikawaka, redio ikazimika, na sauti ya mtu wa mjini ikaanza kusema, "Karibu, ndugu mkulima." Akakiondolea kidole upesi kama mtu aliyeungua.

Nikagusa mimi. Kikatii mara moja.

Nikamwomba anipe mkono wake. Katika miaka yote ya kuwa mkwe wake sikuwahi kuushika isipokuwa kwa salamu, na hata wakati huo nilisita. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimekauka na kuwa ngumu kama gome, zimepasuka kwa jembe na kamba za ng'ombe. Kioo kile kilisubiri ngozi laini yenye unyevu. Vidole vyangu vya fundi, vinavyoshika bisibisi ndogo kivulini kutwa nzima, ndivyo kilivyovijua.

"Mimi nilidhani," alisema, "kimefundishwa kuwajua waliosoma."

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Ningekuambiaje, mama? Wewe ndiye uliyekileta."

Nikakigeuza. Pale mgongoni palikuwa na sola, safi kabisa, haijapauka hata kidogo. Sola ilikuwa mgongoni mwa kioo, na kioo mtu anakivaa kifuani. Kutwa nzima malishoni, jua lote la Singida likimwagika, sola ilikuwa imelalia shati. Nilikuwa nimeliona jambo hilo tangu siku ya kwanza kwa macho haya, na sikuwahi kuliona.

Kesho yake niliacha kupiga alizeti, nikawazungukia wateja wangu wote. Safari hii sikuuliza kama wanafurahi. Nilisema tu, "Nikione."

Cha mrina asali kilikuwa kwenye sanduku, kimefungwa kitambaa. Nta ilikuwa haimtoki vidoleni na kioo hakikumtambua. Mama wa kwaya alikuwa amechoka kukianika juani kifudifudi na kukilinda kuku wasikitembelee, na alipokipeleka kwa mtu anayechajia watu simu kwa sola, yule mtu alikuwa na kifungu cha waya za kila namna isipokuwa ule mmoja, kwa sababu kampuni iliamua kutengeneza tundu lake lenyewe, la duara, dogo, lisilofanana na la kitu kingine chochote kijijini. Mwalimu pekee ndiye aliyeweza kukitumia, na alikitumia kama taa. Nikamuuliza kuhusu ushauri wa kilimo.

"Yule mtu wa ndani," alisema, "kila siku ananikumbusha kujiandaa kwa mvua za vuli. Fundi, huku kwetu vuli umewahi kuiona?"

Hatujawahi. Sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua.

Na katika nyumba zote hizo, kwenye msumari ukutani au mfukoni mwa koti, palikuwa na redio ya plastiki ya jirani yangu. Ilikuwa na gurudumu la kuzungusha hata kwa kidole kilichopasuka. Ilikuwa na betri ya kitochi. Ndani yake mlikuwa na memori ya nyimbo za kikwao walizowekewa mnadani. Ikiharibika, wanaileta kwangu na mimi naifungua kwa bisibisi ya kawaida. Kioo nilikuwa nimeambiwa nisikifungue, na kwa kweli hakikuwa na skrubu hata moja.

Nilimwandikia afisa masoko ujumbe mrefu, nikausoma mara mbili, nikautuma. Nilieleza vidole, sola, tundu, mvua. Akajibu, "Asante sana Fundi, tumepokea, tutalifanyia kazi." Nikasubiri. Nikampigia. Akasema amelifikisha. Nikampigia tena. Akasema kuna mkutano wa mawakala mjini Singida, wakubwa wenyewe watakuja, nije nizungumze. Nikaomba kuja na mteja. Wakakubali.

Nilimchagua baba mkwe. Niliamini hakuna mtu anayeweza kumsikia yule mzee akisimulia kuhusu vidole vyake na kubaki vilevile. Tulipokuwa tunaingia ukumbini nilimwambia, "Baba, waambie tu kama ulivyoniambia mimi."

"Sawa, mama."

Alivaa koti lake la ibada. Kioo kilikuwa kifuani. Walimweka kiti cha mbele, wakamletea soda, na mkubwa wao, kijana mwenye umri wa mume wangu, akaja akainama na kumpa shikamoo kwa mikono miwili. Tukala wali na kuku. Kisha picha zikaanza kuonyeshwa ukutani, nyuso zangu zinazocheka zimegeuzwa kuwa mistari inayopanda, na mwishoni mkubwa akasema wana bahati ya kuwa na mteja halisi.

"Mzee wetu, kifaa chetu umekionaje?"

Baba mkwe alisimama. Akavua kofia.

"Nashukuru kwa kunialika," alisema. "Kifaa ni kizuri. Kinang'aa. Kijijini kwetu kila mtu anakifahamu. Mungu awazidishie."

Akakaa. Walipiga makofi.

Nilisimama bila kuitwa. Sikumbuki nilivyopanga maneno, nakumbuka tu kwamba nilikuwa nazitazama raba za afisa masoko, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa. Nilisema yote, vidole, sola, tundu, vuli. Mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na adabu sana.

"Asante, Fundi. Maoni yako ni muhimu. Ila kama ulivyosikia, mteja mwenyewe ameshasema."

"Mwambieni akiwashe basi!" nikasema. "Mwambieni akiwashe hapahapa!"

Baba mkwe alikuwa anatazama kofia yake. Mkubwa alitabasamu, akaangalia saa, akasema tutaendelea na ratiba, na kitambaa kikavutwa mezani kuonyesha kioo kipya. Kilikuwa chembamba kuliko cha kwanza. Sasa kilikuwa kioo mbele na nyuma.

Tulipotoka nje, upepo ulikuwa unapeperusha vumbi uwanjani. Nilisubiri mpaka tukawa mbali na watu.

"Baba, mbona hukusema?"

"Ningesemaje, mama? Wamenisalimia kwa heshima. Wamenilisha. Halafu nisimame mbele ya vijana wao niseme kitu chao hakifai?" Alitembea kidogo. "Na wewe ndiye uliyekiuza. Ningekuacha wapi?"

Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanavuma, na sikuwa na wa kumkasirikia. Yeye nisingeweza. Kampuni ilinipa chakula na kunishukuru kwa maoni. Nilirudi Mkiwa, nikavua fulana yao, nikaitumia kufutia meza.

Kioo kipya nilikataa kukiuza. Walimpata wakala mwingine, naye hakukaa nacho muda mrefu. Baada ya miezi kadhaa namba ya ofisi yao ikawa haipokelewi, kisha haipatikani. Wateja wangu wa kijijini hawakuja kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Walinisalimia vizuri, wakauliza habari za watoto, na simu zao wakazipeleka kwa fundi mwingine.

Nikavikusanya vioo vyao nyumba kwa nyumba. Nilivipasha moto kwa pasi ya mkaa iliyofungwa kitambaa, nikavipenyezea wembe ubavuni, taratibu, mpaka gundi ikaachia. Kimoja kilipasuka mikononi mwangu. Ndani mlikuwa safi kama nilivyokiona kile cha maonyesho siku ya kwanza, kazi ya mtu anayejua, na nilikasirika upya, kwamba mtu awe na mkono wa namna hiyo halafu asiwahi kumshika mkono mkulima hata mara moja. Nikatoboa kila kioo. Nikaweka gurudumu kutoka kwenye redio zilizokufa na tundu la chaji ya kitochi. Sola sikuweza kuihamisha. Vilikuwa vibaya kutazama, na maji sasa yanaingia, lakini viliwaka kwa mkono wa mtu yeyote. Nikavirudisha kwa wenyewe. Wengine walishukuru. Mrina asali alisema kwa kuwa nimehangaika hivyo, atakitumia.

Wakati huo afisa masoko alinipigia. Alikuwa ameshaacha kazi pale. Hakuwa na jambo la kuuza.

"Niliandika, Fundi," alisema. "Nilitaka tu ujue. Kila ripoti niliweka maneno yako, vidole, sola, yote. Wanasoma ukurasa wa kwanza tu, wenye michoro."

Nilimwambia namwamini. Namwamini kweli.

Baba mkwe nilimpelekea chake mimi mwenyewe. Alizungusha gurudumu, kikalia, akasikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho huku mama mkwe akisimama mlangoni. Nikarudi nyumbani nimeridhika. Nilipokwenda tena, ng'ombe walikuwa wanarudi, naye alikuwa nyuma yao, na shingoni hakuwa na kitu. Mfukoni mwa koti ilikuwa inalia redio ya plastiki ya mama mkwe.

Nilimpa shikamoo, nikamsaidia kufunga boma, kisha nikauliza.

"Kile kipo ndani," alisema. "Kimetulia."

"Baba," nikasema, "nakuomba. Usiniambie ni kizuri."

Akaweka fimbo chini.

"Ni kizito, mama," alisema. "Kinaniumiza shingo."

Hakuna aliyewahi kusema hilo. Mimi mwenyewe, niliyekifungua na kukifunga, sikuwahi kulifikiria. Nikamuuliza kama kuna jingine. Akasema kamba yake inateleza akiinama, kinampiga kidevuni. Akasema taa yake ni nyeupe mno, ng'ombe wanashtuka. Akasema kioo kinamulika juani na kumchoma macho. Alipoanza hakuacha, alikuwa anakumbuka moja baada ya jingine, hata mama mkwe akatoka jikoni na kuongeza ya kwake, tena kwa Kiswahili ili nisikie. Nilitoa daftari langu la kibandani nikaandika yote, kurasa mbili, mpaka kalamu ikaishiwa wino nikaazima ya mume wangu.

Daftari hilo ninalo bado. Sijajua nimpelekee nani.